Jibu: Je, inafaa kusoma alama za methili molekuli moja moja wakati tayari tuna asilimia ya baisalfaiti?

Ndugu aliyefungua uzi huu ameeleza kwamba maabara, kwa kutumia kemikali iitwayo baisalfaiti, ilimpa jibu la asilimia 50 ya methili (alama ndogo ya kikemikali inayobandikwa kwenye vinasaba, yaani DNA, na mara nyingi huizima jeni) kwenye eneo la jeni analolichunguza, na anauliza kama kuna sababu ya kugharamia usomaji wa molekuli moja moja, yaani kuziangalia alama hizo kwenye kila uzi wa vinasaba peke yake. Kazi yangu ni kutayarisha vinasaba virefu kwa ajili ya usomaji wa aina hiyo na kuchambua matokeo yake, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu kidogo.

Kwanza tujiulize hiyo asilimia 50 imetoka wapi. Huenda nakala iliyorithiwa kutoka kwa mama imejaa methili na ile ya baba haina kabisa. Huenda sampuli imechanganya seli za aina mbili, nusu zimeifunga jeni na nusu zimeiacha wazi. Huenda pia kila molekuli ina methili hapa na pale bila mpangilio. Wastani ni uleule, ilhali kibayolojia hayo ni mambo matatu yasiyohusiana, na hakuna hesabu itakayoyatenganisha ukiwa umebaki na wastani peke yake.

Njia ya baisalfaiti imetumika tangu mwaka 1992 na ni ya kuaminika. Kemikali hiyo huigeuza sitosini (herufi C ya vinasaba) isiyo na methili kuwa urasili, ambayo baadaye husomwa kama timini (herufi T), na kuiacha yenye methili ilivyo. Udhaifu wake ni kwamba huvikatakata vinasaba hadi vikabaki vipande vifupi, kwa kawaida vya besi (herufi za vinasaba) mia chache, na haitofautishi methili na hidroksimethili, alama ambayo ni adimu kwenye damu lakini ni nyingi kwenye seli za ubongo. Hata hivyo, kila kipande kilichosomwa baada ya baisalfaiti asili yake ni molekuli moja. Kabla hujatoa hata shilingi, iombe maabara ikupe vipande vyenyewe badala ya jedwali la asilimia. Ukiona nusu ya vipande vimejaa methili na nusu havina kitu, umeshalifuta lile la mpangilio holela, na ikiwa kuna tofauti ya herufi kati ya nakala ya mama na ya baba ndani ya kipande hicho hicho, huenda umeshapata jibu lote.

Yapo pia maeneo ambayo asilimia inatosha kabisa. Kwenye jeni ya SNRPN, kromosomu ya 15, nakala ya mama ndiyo yenye methili na ya baba haina, kwa hiyo asilimia 50 ndiyo hali ya kawaida. Ikipanda ikakaribia 100, tunafikiria ugonjwa wa Prader-Willi. Ikishuka ikakaribia sifuri, tunafikiria ugonjwa wa Angelman. Kumtoza mgonjwa gharama ya molekuli ndefu kwa swali hilo peke yake si haki.

Mambo hubadilika tunapofika kwenye maeneo yanayojirudia, na mfano ninaoujua vizuri zaidi ni ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli ya uso, mabega na mikono, unaofahamika kwa kifupi kama FSHD. Karibu na ncha ya mkono mrefu wa kromosomu ya 4 kuna kipande kiitwacho D4Z4, chenye urefu wa besi 3,300 hivi, ambacho kwa watu wengi hujirudia kuanzia mara 11 hadi 100. Kwa wagonjwa wa aina ya kwanza, ambao ndio wengi, marudio yamebaki 1 hadi 10, methili imepungua, na jeni ya DUX4 iliyopaswa kunyamaza kwenye misuli inaamka na kutoa protini inayoziua seli. Lakini ufupi huo hauleti ugonjwa mpaka uwe kwenye kromosomu yenye muundo wa 4qA, na tena kromosomu ya 10 ina marudio yanayofanana mno na hayo ambayo kwa kawaida hayana madhara. Kwa hiyo daktari anahitaji majibu matatu kwa pamoja: kipande hiki ni cha kromosomu gani na muundo gani, kina marudio mangapi, na marudio hayo yana methili au hayana.

Chukulia mgonjwa ambaye kromosomu yake moja ya 4 ina marudio 4 na ya pili ina 25, huku zile mbili za 10 zikiwa na 30 na 20. Jumla ni marudio 79. Tuseme yale 75 ya kawaida yana methili kwa asilimia 80, na yale manne yenye kasoro yameshuka hadi asilimia 20. Wastani wa yote utakuwa asilimia 77. Ugonjwa mzima umejificha ndani ya tofauti ya pointi tatu, ambayo hakuna mtu makini atakayethubutu kuitolea uamuzi. Molekuli moja yenye besi 50,000 inaweza kuyavuka marudio hayo manne yote, ikaingia kwenye ujirani wake wa pande zote mbili, na kuyajibu maswali yote matatu kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo naona gharama inajilipa.

Njia za kuzisoma molekuli hizo ni kadhaa. Kwenye mashine za Oxford Nanopore, uzi wa vinasaba hupita kwenye tundu dogo sana na mkondo wa umeme hubadilika kidogo sitosini inapokuwa na methili. Kwenye zile za Pacific Biosciences, kinachopimwa ni jinsi kimeng'enya kinachonakili kinavyobadili mwendo kinapokutana na alama. Katika zote mbili, programu hutoa uwezekano kwa kila sitosini, si ndiyo au hapana. Mimi huziacha zile zinazoangukia katikati kuliko kuzilazimisha upande mmoja, kwa sababu sitosini chache zenye uhakika zinanifaa zaidi kuliko nyingi za kubahatisha.

Njia ya tatu hutumia mwanga. Vinasaba hunyooshwa ndani ya mifereji myembamba na kupigwa picha, na kundi la Yuval Ebenstein huko Tel Aviv limeonyesha kwamba kimeng'enya cha M.TaqI kinaweza kubandika rangi kwenye mfuatano wa TCGA pale tu ambapo hapana methili. Kwenye skrini unaona mstari mwembamba wenye nukta, na penye nukta pako wazi. Besi moja huchukua nanomita 0.34 tu, kwa hiyo mwanga wa kawaida hauwezi kutenganisha nukta zilizo karibu kuliko besi mia kadhaa, lakini molekuli yenyewe inaweza kuzidi besi laki moja. Tahadhari yake ni kwamba giza lina maana mbili: huenda pana methili, huenda rangi haikushika. Ndiyo maana huanza kwa kuangalia sehemu za mwanzo wa jeni zinazofanya kazi katika kila seli, ambazo kwa kawaida hazina methili. Zikiwa giza, sampuli hiyo siitolei majibu.

Sasa kuhusu sampuli yako. Vinasaba ulivyonavyo kwenye friza, ikiwa vimetolewa kwa vifaa vya kawaida na kuyeyushwa mara kwa mara, huenda vimeshakatika, na mashine haiwezi kurefusha kilichokatika. Usikubali pia vizidishwe kwa PCR (njia ya kunakili vinasaba mara nyingi maabarani) kabla ya kusomwa, kwa sababu nakala mpya hazibebi methili. Tafuta damu mpya, ichukuliwe kwenye mrija wa EDTA (kemikali inayozuia damu isigande), na uwaombe watoaji watumie ncha pana za pipeti na wasiitikise mirija kwa nguvu. Kisha dai kipimo cha urefu wa vinasaba kabla ya kulipia usomaji wenyewe. Molekuli haikuambii imetoka kwenye seli gani, kwa hiyo kama shaka yako ni mchanganyiko wa seli, zitenganishe kwanza kabla ya kutoa vinasaba. Ukituandikia hapa jina la jeni na urefu wa eneo lako, nitakuambia kama vipande vifupi vinakutosha.