Dodoso la safari za kaya: safari ndogo zinapotelea wapi

Mpango wa usafiri wa jiji hutegemea dodoso la safari za kaya, na dodoso hilo hutegemea swali linaloulizwa mlangoni: jana ulikwenda wapi? Majibu yakiwa pungufu, barabara zitapangwa kwa wenye magari, na anayetembea kwa miguu atakosa hata mahali pa kuvukia barabara. Tuchukue Dar es Salaam, maana kila ugumu wa kazi hii upo pale.

Anza na barua ya utambulisho. Ifike kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa siku kadhaa kabla, kisha mjumbe wa shina awatembeze wadadisi, yaani wanaouliza maswali ya dodoso. Akishawafikisha mlangoni, aondoke. Watu hawatamki kipato wala mienendo yao mbele ya mjumbe.

Orodhesha kaya, usihesabu nyumba. Nyumba moja ya kupanga Manzese inaweza kuwa na kaya sita, kila moja na chungu chake, na mwenye nyumba hajui mpangaji wake hurudi saa ngapi. Chagua kaya kutoka kwenye orodha hiyo.

Saa ya kubisha hodi ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Mdadisi akifika saa nne asubuhi atamkuta bibi, mtoto mchanga na dada wa kazi, waliosafiri wameshatoka. Panga mahojiano kuanzia saa kumi na moja jioni, na Jumamosi pia. Kaya isiyopatikana irudiwe mara tatu kwa saa tofauti. Mkimruhusu mdadisi ahamie nyumba ya jirani kwa sababu tu ina watu, mnachagua wasiosafiri kwa mikono yenu wenyewe. Siku ya safari igawiwe kila kaya mapema, na mahojiano yafanyike kesho yake, kwani vijisafari vya dukani husahaulika haraka. Likizo za shule za Juni na Desemba, pamoja na Ramadhani, ziepukeni kama mnataka siku za kawaida.

Sasa mahojiano yenyewe. Mtu akigundua kwamba kila safari anayoitaja inamzalia maswali manane, ataanza kuzipunguza. Kwa hiyo chukua kwanza orodha ya mahali pote alipopita, tangu alipoamka hadi alipolala, ndipo urudi kuuliza saa, chombo na nauli. Akisema "nilienda Kariakoo nikarudi," mwulize: njiani ulisimama wapi? Ulimpeleka mtoto shule? Jioni ulitoka kununua kitu? Safari za akina mama hujificha hapo hapo, kwenye visimamo vifupi vya kwa miguu ambavyo hata wao hawavihesabu kuwa safari. Vijana wahojiwe wenyewe; mzazi hujua nusu tu ya mizunguko yao.

Safari moja iandikwe kwa vipande vyake vyote. Anayetoka Kimara kwenda kazini Kigamboni anaweza kutembea hadi barabarani, kupanda bodaboda hadi Kimara Mwisho, mwendokasi (basi la haraka) hadi Kivukoni, feri ya kuvukia maji, kisha miguu tena. Dodoso lenye nafasi ya "chombo kikuu" peke yake litabakiza mwendokasi na kufuta vingine vyote, nauli ya bodaboda ikiwemo, ambayo mara nyingi ndiyo inayouma.

Kuhusu mahali, msisubiri namba ya nyumba. Watu hujieleza kwa vituo: Buguruni Sheli, Tabata Bima, Mbagala Rangi Tatu. Ingizeni orodha ya vituo kwenye kishikwambi, kila kimoja na kata yake, kwani "Msikitini" na "Shuleni" ziko nyingi. Kisha muulize akishuka anatembea dakika ngapi na kuelekea upande gani.

Saa nazo ni mtego. Mhojiwa anasema saa moja asubuhi, mdadisi aliyechoka anaandika 1:00, na kwenye takwimu jiji zima linaonekana kwenda kazini usiku wa manane. Kishikwambi kionyeshe saa za Kiswahili pamoja na asubuhi, mchana, jioni na usiku, kisha programu ndiyo ibadilishe. Iweke pia kizuizi kwa anayefika kabla ya kuondoka.

Kila jioni msimamizi aangalie idadi ya waliojibu "sikutoka" kwa kila mdadisi. Mmoja akiwa nao wengi kuliko wenzake wa mtaa huo huo, pigeni simu kwa baadhi ya kaya zake kesho yake asubuhi, mkiuliza mambo matatu tu: nani alikuwepo, nani alitoka, na alirudi saa ngapi.