Pete ya tumbo na mizani iliyogoma: majibu kwa wasomaji

Barua za majuma haya mawili zimetoka karibu zote kwa watu waliowekewa pete ya tumbo, yaani mshipi unaofungwa juu ya mfuko wa chakula ili mtu ale kidogo, Johannesburg au India, wakarudi Lubumbashi, na sasa wanagombana na mizani. Nimechagua sita, kwa kuwa zilizobaki zinauliza yale yale.

Pete yangu ina miezi mitano na nimepungua kilo 11 tu. Mdogo wangu, aliyekatwa tumbo wakati ule ule, amepungua 30. Je, pete yangu ni mbovu? (Mama wa Katuba)

Mama, piga hesabu kabla ya kuilaumu pete. Kilo 11 kwa majuma 22 ni nusu kilo kwa juma, na madaktari wa upasuaji huu hutarajia kati ya nusu kilo na kilo moja. Mdogo wako aliondolewa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, pamoja na mahali panapotoa kwa wingi homoni ya njaa. Wewe hukukatwa kitu, bali umefungwa mshipi wa silikoni unaokazwa kidogo kidogo kwa maji ya chumvi. Safari yako ni ya miaka miwili hivi. Naomba pia muache kupimana sebuleni kila Jumapili.

Nilianza na kilo 125. Kwa majuma sita sasa mizani imesimama kwenye 104, ingawa ninakula bukari (ugali) ya ngumi moja tu. Nikakazwe tena? (Papa wa Kamalondo)

Papa, umenieleza unachokula, hukunieleza unachokunywa. Pete huzuia chakula kigumu. Kilicho laini au cha majimaji hupita bila kuigusa. Chai ya asubuhi yenye vijiko vinne vya sukari, ambamo mikate huchovywa hadi inalainika. Kikombe cha munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, saa nne. Chupa kubwa ya bia jioni, ambayo peke yake ina kalori zipatazo 300: mtu anaweza kumaliza hivyo vyote na bado akaapa kwamba amekula ngumi moja. Kwa siku saba andika kila kinachopita kinywani, hata kijiko cha kuonja mchuzi jikoni.

Pili, mwili wa kilo 104 hautumii nguvu nyingi kama ule wa kilo 125, kwa hiyo chakula kilichokupunguza mwanzoni sasa kinakutosha kubaki ulipo. Anza mlo kwa samaki, kuku, mayai au maharage, ili upate gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, kisha sombe (majani ya muhogo), na bukari ije mwisho ikipata nafasi. Tembea kila siku na ufanye kazi za kubeba na kuinua, kwa maana anayepungua bila kutumia misuli huipoteza pamoja na mafuta.

Kama daftari ni safi na bado njaa inarudi saa mbili baada ya mlo, hapo ndipo daktari wako aifikirie pete. Ninaonya kwa sababu nimechoka kusikia neno "kukaza" likitamkwa kana kwamba ni dawa. Pete iliyobana mno hukataa nyama na mboga, mwenyewe akakimbilia uji, biskuti na aisikrimu, na mtu huyo hunenepa akiwa amefungwa.

Muuguzi wa mtaani kwetu anasema anaweza kuniongezea maji kwenye pete. Nimruhusu? (Msomaji wa Ruashi)

Hapana. Kisanduku kilicho chini ya ngozi yako, ambacho maji ya pete hutiwa kupitia kwacho, hutobolewa kwa sindano maalumu ambayo ncha yake haing'oi kipande cha mpira. Sindano ya kawaida huweza kuacha tundu, maji yakavuja, pete ikalegea polepole, huku wewe ukidhani umekosa nidhamu. Na usafi ukikosekana, usaha hufuata. Kwa maoni yangu, asiyejua ni nani atakayeitunza pete yake akirudi nyumbani asipande ndege kwenda kuiwekewa. Na wote mlio nayo, daini karatasi inayotaja aina ya pete na mililita zilizomo.

Je, ninaweza kunywa maji wakati wa kula? (Wasomaji wanne)

Hapana. Subirini nusu saa baada ya mlo. Jibu halijabadilika tangu mara ya mwisho.

Ninatapika karibu kila nikila bukari. Mama mkwe anasema ni dalili kwamba pete inafanya kazi. (Bibi harusi wa Bel-Air)

Kwa heshima zote kwa mama mkwe, sivyo. Tumelelewa kufinyanga tonge, kulichovya na kulimeza bila kulitafuna, na tonge la namna hiyo hukwama juu ya pete. Finyanga la ukubwa wa karanga, litafune, weka mkono chini kwa dakika nzima, ndipo ufinyange jingine. Kutapika mara kwa mara huweza kuisogeza pete kutoka mahali pake. Na kwa kuwa umeolewa karibuni, pima mimba. Ukiwa nayo, mwone daktari mapema, kwa maana huenda pete ikahitaji kulegezwa.

Sasa ninapungua vizuri sana, kilo 6 kwa majuma mawili, ila usiku ninakohoa na maji hunirudia puani nikilala. Nifanye nini ili kasi hii isipotee? (Msomaji asiyetaja mtaa)

Acha kuisifu kasi hiyo. Hizo ni dalili za pete iliyobana kupita kiasi au iliyoteleza. Nenda leo kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji, ukiwa na ile karatasi, na useme mapema kwamba una pete, kwa sababu kwa nje haionekani. Picha ya eksirei itasaidia kuonyesha imekaaje. Ukifika hatua ya kushindwa kumeza hata mate, nenda usiku huo huo, bila kuniandikia kwanza.