Bibi Nesi Anajibu: Safari na Mtoto Mchanga

Likizo inakaribia, na barua za mwezi huu karibu zote ni za safari. Nyingi zinauliza habari ya kilio: akilia ndani ya ndege nitafanya nini, watu watanionaje. Iliyogusia mkanda wa gari ni moja tu, nami nimeitanguliza. Miaka yote niliyofanya kazi wodi ya watoto sikupokea hata mtoto mmoja aliyeumizwa na kilio cha safarini. Walioumia barabarani niliwapokea.

*Shikamoo Bibi. Mtoto wetu ana miezi mitano. Tunakwenda kuwasalimia wazazi, mwendo wa saa saba kwa gari letu. Mke wangu anataka akae nyuma ampakate, maana kwenye kiti cha mtoto analia na anaamini mikononi mwake ndiko salama zaidi. Mimi nasitasita. Kiti ni lazima hata kwa safari ya mara moja?*
*— Baba wa miezi mitano*

Marahaba, baba. Usisitesite. Kiti ni lazima, kwa safari ya saa saba na kwa ile ya kwenda dukani.

Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa likagonga kitu, linasimama ghafla, lakini aliye ndani anaendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule mpaka kitu kimzuie. Mtoto wa kilo 7 kwa wakati huo anavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo mia moja. Mapenzi ya mama hayana mpaka, ila mikono yake ina mpaka. Na mama asipofunga mkanda, uzito wake wote unamwangukia mwanawe. Wapo wanaozungusha mkanda mmoja wakajifunga pamoja na mtoto; hapo ni hatari zaidi, kwa sababu mtoto anabanwa kati ya mkanda na mwili wa mama.

Kiti kitazame nyuma. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na shingo bado ni laini. Akitazama nyuma, mgongo mzima wa kiti unapokea kishindo. Akitazama mbele, shingo ndiyo inayobeba kila kitu. Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa inayohusu viti hivi inataka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15, na madaktari wengi wa watoto hushauri aendelee hivyo muda mrefu zaidi, mradi bado anaenea. Usikiweke kiti cha mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ule ukifumuka unapiga pale pale kichwa cha mtoto kilipo.

Sasa fanya hivi kabla ya siku ya safari, si asubuhi ya kuondoka huku mizigo inangoja. Shika kiti pale mkanda wa gari unapopita, ukitikise kwa nguvu. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Kisha mfunge mtoto, ujaribu kuubana mkanda wake kwenye bega kwa vidole viwili kama unayetaka kuukunja. Ukikunjika, umelegea, kaza. Koti nene au blanketi la kumviringishia havikai chini ya mkanda: vua kwanza, funga, ndipo umfunike kwa juu. Kiti cha kuazima ni sawa kama unamjua mwenyewe na anakuhakikishia kuwa hakijawahi kupata ajali. Tazama pia tarehe iliyoandikwa kwenye plastiki, kwa kuwa viti hivi vina mwisho wa matumizi.

Na kile kilio? Mara nyingi kina sababu yake. Ingiza mkono mgongoni kwake. Kama pamelowa jasho, ana joto, mpunguzie nguo. Tazama kama mkanda unamkwaruza shingoni au nepi imejaa. Mama akae pembeni yake nyuma, amwone na aonekane. Analia njaa? Simamisheni gari mahali salama anyonye. Hapati ziwa gari likiwa linakwenda, na hilo mwambie mke wako kwa upole, kwa sababu anayelia kule nyuma analilia yeye.

Safari yenu ya saa saba ihesabuni kuwa ya saa tisa au kumi. Kila baada ya saa mbili, au mapema zaidi, mtoeni kitini alale chali na kujinyoosha. Kiti cha gari si kitanda. Kidevu kikiangukia kifuani njia ya hewa inabanwa, na mtoto mdogo hana nguvu ya kukiinua. Mkifika amelala humo, mhamishieni kitandani hata kama ataamka.

Wapo watakaokushauri msafiri usiku ili mtoto alale njia nzima. Mimi siungi mkono. Dereva mwenye mtoto wa miezi mitano ni mtu ambaye hajalala vizuri tangu mtoto azaliwe. Ondokeni alfajiri, baada ya usiku ambao wewe umelala chumba kingine.

Mkisimama kununua kitu, mtoto asibaki garini hata kwa dakika chache. Siku ya jua, dakika kumi zinatosha kupandisha joto ndani ya gari kwa nyuzi kama 10, na kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii kitu.

*Shikamoo Bibi. Nina safari ya ndege ya saa sita na binti yangu wa miezi minne, tukiwa wawili tu. Naogopa masikio yake yataumia na atalia njia nzima. Mama mkwe anasema nisubiri afikishe mwaka.*
*— Mama wa wa kwanza*

Marahaba, mwanangu. Mama mkwe ana huruma na mjukuu wake, lakini wa mwaka mmoja ni mgumu zaidi kusafiri naye. Huyo anataka kutembea, anataka kushika kila kitu. Wa miezi minne anataka wewe tu, na wewe utakuwepo.

Masikio yanahitaji maelezo kidogo. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huwa nyepesi kama ya mlimani, mpaka kufikia ile ya mita 2,400 hivi. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye njia inayoshuka mpaka nyuma ya pua, karibu na koo. Tunapomeza, njia hiyo inafunguka na hewa ya pande mbili inalingana. Ya mtoto ni nyembamba, na shida kubwa huja wakati wa kushuka, kuliko wa kupaa. Kwa hiyo dawa ni kumeza: ziwa, chupa au chuchu bandia.

Wengi hukosea saa. Rubani akitangaza kuwa wanaanza kushuka, mara nyingi bado kuna kama nusu saa. Ukimpa ziwa pale pale, atashiba na kulala kabla ya wakati ambao angelihitaji zaidi. Ngoja masikio yako mwenyewe yaanze kuziba, hapo mpe. Akiwa usingizini, mgusishe ziwa mdomoni. Wengi hunyonya hata macho yakiwa yamefumba. Na akilia licha ya hayo yote, kilio chenyewe husaidia masikio kuzibuka. Ila kama ana mafua mazito au sikio linauma, mwone daktari kabla ya kusafiri.

Ukikata tiketi, ombeni kitanda cha mtoto, kile kinachofungwa ukutani mbele ya safu ya kwanza. Ni vichache, na vina kikomo cha uzito, basi wahi. Ndege ikitikisika utatakiwa kumtoa, hata kama ndiyo kwanza amelala. Kama uwezo upo wa kumlipia kiti chake na kukiweka kiti cha gari kinachokubalika ndani ya ndege, hiyo ndiyo njia salama kuliko zote.

Maziwa yake viwanja vingi huruhusu yazidi mililita 100 zinazoruhusiwa kwa vinywaji vingine, lakini yatoe na umwambie askari wa ukaguzi kabla hajayaona kwenye mashine. Beba nguo yako ya kubadilisha, si ya mtoto peke yake. Na kwa kuwa baba yake hayupo safarini, chukua barua yake ya ridhaa na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Nchi nyingine huuliza.

*Bibi, tunakwenda ufukweni na wa miezi mitatu. Joto ni kali. Nimpe maji kidogo?*

Hapana. Mpaka miezi sita ni maziwa peke yake. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za maziwa ya mama ni maji, kwa hiyo mnyonyeshe mara nyingi zaidi na wewe mwenyewe unywe vya kutosha. Maji matupu yanamjaza tumbo bila chakula na yanaweza kuvuruga chumvi ya damu yake. Akae kivulini, ukirudi jioni uhesabu nepi: zilizolowa zikipungua sana, au utosi ukibonyea, hapo ni hospitali. Na usikifunike kigari chake kwa kitambaa. Unazuia jua, ndiyo, lakini hewa ya ndani haitoki na joto linapanda upesi.

*Wangu anatumia maziwa ya kopo. Tutashinda nje siku nzima. Naweza kutengeneza chupa zote asubuhi nikabeba?*
*— Mama wa pacha*

Unga wa maziwa ya kopo, hata kopo likiwa jipya, unaweza kuwa na vijidudu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka uchanganywe na maji yasiyopungua nyuzi 70. Chupa zilizokaa kwenye mkoba wenye joto kutwa nzima ni makao mazuri ya vijidudu hivyo, kwa hiyo sikushauri.

Beba maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai isiyopoteza joto. Unga upime nyumbani, kila mlo kwenye kikopo chake kikavu chenye mfuniko, na chupa za kunyonyea zilizochemshwa uziweke kwenye mfuko safi. Saa ya kula, mimina maji kwanza mpaka kwenye alama, kisha unga, funga, tikisa. Ipoze kwa kuisimamisha ndani ya maji baridi yasiyofika kwenye chuchu, halafu dondoshea kwenye kifundo cha mkono wako. Isikuchome, iwe vuguvugu tu. Itumike ndani ya saa mbili. Aliyobakiza usimrudishie baadaye, hata kama ni mengi na roho inakuuma. Kwa pacha weka alama ya rangi kwenye kila chupa, wasibadilishane wakati mmoja ana mafua.

*Bibi, tunahamia nchi inayodai cheti cha homa ya manjano. Mtoto ana miezi saba. Achanjwe?*

Chanjo hiyo kwa kawaida huanza miezi 9. Chini ya miezi 6 haitolewi kabisa, na kati ya hapo ni pale tu hatari ya mlipuko inapokuwa kubwa, kwa uamuzi wa daktari. Mkiweza kuahirisha, ahirisheni: akifikisha miezi 9 achanjwe, na cheti kinaanza kutambulika siku 10 baadaye. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Msipoweza, ombeni daktari barua ya msamaha na muulize ubalozi kama inakubalika. Nendeni kliniki wiki sita kabla, na kadi mkononi. Waulizeni pia habari ya surua, maana anayekwenda penye ugonjwa huo anaweza kupewa dozi ya mapema kuanzia miezi 6, bila kufuta zile za ratiba yake. Na kama kuna malaria huko, chandarua chenye dawa kiwe kwenye begi la mkononi; usiku wa kwanza ndio ambao watu hugundua kuwa kimo ndani ya sanduku lililochelewa.

*Shikamoo Bibi. Kila tukitoka kama familia, wenzangu wanapanga mambo matatu kwa siku. Ikifika jioni mtoto amechoka, analia, mimi narudi naye chumbani na wao wanaendelea. Mume wangu ananiambia nipumzike. Sasa natamani nibaki nyumbani tu.*
*— Nimechoka*

Marahaba, mwanangu. Hiyo siyo kupumzika. Umehamishiwa zamu ya usiku mahali pageni.

Usibaki nyumbani. Safari ikipangwa tena, kuweni na jambo moja kwa siku, na liwe asubuhi mtoto akiwa amelala vizuri. La pili likitokea, heri. Mchana arudi alale mahali palepale anapolala usiku, chali, kwenye godoro gumu lisilo na mito. Anayerudi naye leo siye wa kesho, na zamu hizo zipangwe kwa majina kabla hamjatoka nyumbani. Mume wako anaweza kumrudisha, kumwogesha na kumlaza. Kama unanyonyesha, utamnyonyesha kabla hujatoka au utamkamulia.

Kwake yeye naongeza haya. Baba, usimwulize mkeo kama anataka kupumzika. Mchukue mtoto, uende naye chumbani, na simu ya mama yake usiipigie kwa sababu ya nepi.