Vina vya Beowulf viko wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nasoma fasihi chuoni, mwaka wa pili. Tumefika kwenye Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha Kale, na mhadhiri alituandikia ubaoni mistari michache kwa Kiingereza chake cha asili. Mimi nimekulia kwenye mashairi ya Kiswahili, kwa hiyo kitu cha kwanza nilichotafuta ni vina. Sikuona hata kimoja, na mizani haitoshani. Halafu Chaucer, mshairi Mwingereza ambaye naye ni wa Zama za Kati, ana vina mwanzo hadi mwisho. Je, Beowulf ni guni, yaani shairi lenye kasoro za vina na mizani? Na katikati hapo kulitokea nini?

Jibu: Marahaba. Si guni. Umetafuta vina mwishoni mwa mstari kwa sababu ndiko ulikozoea kuvikuta. Washairi wa Kiingereza cha Kale walivitia mwanzoni mwa maneno.

Chukua mstari wa nne na wa tano, huenda ilikuwamo ubaoni:

*Oft Scyld Scefing    sceaþena þreatum,*
*monegum mægþum    meodosetla ofteah*

Yaani: mara nyingi Scyld, mwana wa Scef, aliyapokonya makundi ya maadui, makabila mengi, mabenchi yao ya pombe ya asali. (Usicheke. Ukumbi wa kunywea ndio uliokuwa baraza la mfalme na watu wake. Ukiwanyang'anya mabenchi, umewavunjia utawala.)

Sasa isome kwa sauti, na hapa Mswahili ana bahati. Ile herufi þ mwanzoni mwa neno ni *th* ya thamani, na ikikaa katikati ya irabu inakuwa *dh* ya dhahabu. Hiyo *sc* ni *sh* ya shamba. Basi mstari wa kwanza unakaribia kusikika hivi: oft SHILD SHEving, SHEadhena THREAtum. Gonga meza kwenye silabi nilizoziandika kwa herufi kubwa. Umegonga mara nne, na mara tatu za kwanza umesikia *sh*.

Hiyo ndiyo kanuni yenyewe. Mstari una vipande viwili vyenye pengo katikati, kama ukwapi na utao, na kila kipande kina mapigo mawili. Pigo la tatu ndilo bwana mkubwa: sauti inayolianzisha lazima ipatikane katika pigo la kwanza au la pili, au yote mawili. La nne huachwa nje ya mchezo. Tazama mstari wa tano: *mon-*, *mæg-*, *meod-*, kisha *-teah* peke yake. Irabu zote hupatana zenyewe kwa zenyewe, ilhali *sc*, *sp* na *st* kila moja hupatana na mwenzake tu. Silabi zisizokazwa zinaweza kupungua au kuzidi, ndiyo maana ulipohesabu mizani hukupata idadi sawa. Pale hazihesabiwi silabi, huhesabiwa mapigo.

Kwa nini mwanzoni? Kwa sababu lugha ile ilikaza silabi ya kwanza ya shina. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno letu la asili huisha kwa irabu, kwa hiyo sikio linasubiri mwisho. Kuna jambo jingine ambalo sioni likisemwa vya kutosha madarasani. Angalia *monegum mægþum*: maneno yote mawili yanaishia *-um*. Hicho si kina, ni sarufi tu, kiambishi cha wingi kinachojirudia chenyewe. Kwao mwisho wa neno ulipatana bure. Kwetu kinachopatana bure ni mwanzo: *watoto wadogo wawili wanalala*, nani atakusifu kwa hilo? Naamini kila lugha huweka urembo wake mahali ambapo sarufi haiutoi bila jasho.

Swali lako la pili lina jibu la haraka ambalo wanafunzi hulipenda: mwaka 1066 William wa Normandy, huko Ufaransa, alishinda vita vya Hastings, Kifaransa kikaingia ikulu, vina vikaja nacho. Ni kweli, ila nusu tu. Viishio kama *-um* vilikuwa vimeanza kulegea kabla ya hapo. Watawa wa Peterborough, huko Uingereza, waliendelea kuandika tarikh yao kwa Kiingereza hadi 1154, na kurasa za mwisho zinaonyesha sarufi ya kale ikimomonyoka. Vina navyo vilishasikika kanisani katika tenzi za Kilatini. Kifaransa kilichoongeza ni mtindo wa heshima wa kuigwa, pamoja na shehena ya maneno yanayokazwa mwishoni. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, anafungua hadithi zake za Canterbury, zinazosimuliwa kwa zamu na mahujaji walio safarini, kwa kupatanisha *licour* na *flour*, yote mawili ya Kifaransa. Lakini mistari miwili ya kwanza kabisa inaishia *soote* na *roote*, na hayo si ya Kifaransa. Soma ile *e* ya mwisho: so-te, ro-te. Vizazi vilivyofuata viliacha kuitamka, na wasomaji wakadhani mzee hakujua mizani. Huyo ndiye aliyeonewa kwa kuitwa guni.

Usifikiri pia kwamba mtindo wa kale ulikuwa umekufa. Wakati Chaucer anaandika London, huko kaskazini-magharibi mshairi ambaye jina lake halijulikani alikuwa anatunga habari za Sir Gawain na Shujaa wa Kijani kwa mapigo yale yale ya mwanzo wa maneno, kisha anafunga kila ubeti kwa mistari mitano mifupi yenye vina. Alizijua ngoma zote mbili, akazicheza pamoja. Utunzi huo umetufikia kwa nakala moja tu ya mkono, kama Beowulf, na nakala zote mbili zilikuwa katika mkusanyo mmoja wa Robert Cotton. Moto wa 1731 uliubabua mkusanyo huo, na Beowulf iliungua kingo.

Chaucer mwenyewe alijua kinachoendelea kaskazini. Karibu na mwisho wa safari ya Canterbury, zamu inamfikia Kasisi wa parokia. Anaombwa hadithi, naye anajitetea kwamba yeye ni mtu wa kusini, hawezi kusimulia *rum, ram, ruf* kwa kufuatisha herufi. Hizo *r* tatu ni kejeli ya mtindo uleule niliokugongesha mezani. Ungetegemea basi achague vina. Anasema, Mungu ni shahidi, hata vina havioni bora kwa kiasi kikubwa, na anawahubiria wenzake kwa nathari.