Nisome usiku zaidi, au niahirishe mwaka?

SWALI: Habari za kazi, Mhandisi. Mimi ni mwanagenzi wa uhandisi mitambo hapa Uingereza, mwaka wa pili. Nasomea shahada huku nimeajiriwa. Siku nne niko kiwandani, Jumatano niko chuoni. Mwezi huu msimamizi ameniomba mara mbili nibaki kiwandani Jumatano kwa sababu mashine zimesimama, nikaona aibu kukataa. Sasa somo la mitetemo limenipita, ripoti yake inadaiwa, na usiku nikifungua daftari nasinzia. Niongeze saa za usiku, au niahirishe mwaka?

JIBU: Mdogo wangu, usiahirishe chochote kabla hujairudisha Jumatano yako. Saa za usiku hazitaziba pengo hilo.

Mafunzo yako yanapaswa kufanyika ndani ya saa unazolipwa mshahara. Upo mpango wa mafunzo mliousaini watatu, wewe, mwajiri na chuo, na saa hizo zimo humo. Yakilazimika kufanyika nje ya muda wa kazi, unastahili kufidiwa. Ada nayo hulipi wewe. Waajiri wakubwa huilipia kutoka kwenye tozo ya uanagenzi iliyoanza Aprili 2017. Kwa hiyo msimamizi anayekuzuia Jumatano anapoteza kitu ambacho kampuni imeshakigharimia. Mweleze kwa heshima, na umpe kwa maandishi tarehe zote za mitihani na ripoti za muhula. Wengi hawana nia mbaya, ni kwamba ratiba yako hawaioni. Jumanne mchana muulize nani atapokea kazi yako kesho. Akiendelea, lilete kwenye kikao cha mapitio ya maendeleo yako, mshauri wako wa chuo akiwepo.

Jioni kadhaa bado zitakwenda kwenye vitabu, hilo sikufichi. Ila mitetemo ni somo unaloweza kulisomea kiwandani. Tafuta pampu inayotikisika. Tuseme mota yake inazunguka mara 1,480 kwa dakika. Gawa kwa 60, unapata karibu Hz 24.7, yaani mizunguko 24.7 kwa sekunde. Mashine ikiwa imezimwa na kufungiwa umeme, omba fundi wa vipimo abandike kitambuzi cha mtikisiko kwenye fremu, kisha aigonge kwa nyundo ya mpira. Fremu itatikisika kwa masafa yake asilia, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde inayoipata yenyewe ikigongwa. Yakiwa karibu na 24.7, mota inaisukuma fremu pale pale inapopenda kutikisika, na hapo ndipo boliti hulegea na beringi hufa mapema.

Wengi hukimbilia kuchomelea vyuma vya kukaza. Rudi kwenye fomula: masafa hupanda kwa kipeuo cha pili cha ukakamavu, yaani jinsi fremu inavyokataa kupinda. Ukizidisha ukakamavu mara mbili, masafa hupanda kwa asilimia 41 tu. Na kama fremu ilikuwa kwenye Hz 23, ukiongeza ukakamavu wake kwa asilimia 15 unaipeleka kwenye 24.7 penyewe, mtikisiko unazidi. Ukishaiona hesabu hiyo kwenye chuma unachokigusa kila siku, hutaisahau kwenye mtihani.

Kazi kama hiyo iandike siku ileile: ulipima nini, uliamua nini mwenyewe, nani alihakiki. Andika "nilipima", usiandike "tulipima", kwa sababu mtahini wa tathmini ya mwisho anatafuta mchango wako. Kumbukumbu hizohizo zitakufaa ukiomba usajili wa IEng (Incorporated Engineer, ngazi ya mhandisi aliyesajiliwa) kwa Engineering Council, baraza linalosajili wahandisi Uingereza. Mhadhiri akikubali, pampu hiyo inaweza hata kuwa mada ya ripoti yako. Ila omba ruhusa ya kampuni kabla ya kutoa takwimu zake nje.

Kuhusu ripoti inayodaiwa, mwandikie mhadhiri leo, kabla tarehe ya kuiwasilisha haijapita, uambatishe barua ya msimamizi inayothibitisha kuwa ulizuiwa kazini. Taja siku unayoweza kuikamilisha, na iwe siku ambayo kweli utaiweza.