Video za kalkulasi wanazipenda, mtihani wanaanguka

Salamu, mwalimu wa Kongwa. Nimekuelewa hivi: projekta ipo, masomo ya video yapo, kidato cha tano wanafurahi, lakini ukiwauliza derivativu (mteremko wa grafu kwenye nukta moja) ni nini wanakukariria "shusha kipeo, punguza moja". Yamenikuta hapa Dodoma mjini.

Kwanza angalia nani anaiendesha hiyo picha. Kama inajiendesha yenyewe, hiyo ni sinema. Mimi video niliziweka kando nikatumia GeoGebra, programu ya kompyuta ya kuchora grafu. Ni ya bure, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Chora y = x², weka nukta P pale x = 1 na Q pale x = 2, ziunganishe kwa mstari. Mteremko ni 3. Sasa kabla mwanafunzi hajaisogeza Q, darasa zima likokotoe daftarini: Q ikiwa 1.5 mteremko ni 2.5, ikiwa 1.1 ni 2.1, ikiwa 1.01 ni 2.01. Ndipo aivute. Kwangu kijana mmoja wa nyuma, huwa hasemi kabisa, aliropoka "inaenda kwenye mbili!" hata sijauliza. Hiyo mbili ndiyo derivativu pale x = 1. Kanuni ya "shusha kipeo" niliiandika kipindi kilichofuata.

Jua letu la saa nane unalijua, tundika vitenge madirishani, la sivyo ukutani hawaoni kitu. Umeme ukikatika jedwali liko daftarini, endelea na chaki.

Intigresheni, yaani kutafuta eneo chini ya grafu, ndiyo bado inanishinda. Mistatili chini ya grafu wanaielewa, ila kuihusisha na difirenshiesheni (kutafuta derivativu) sijapata njia. Aliyefanikiwa hapo atusaidie.