Kupima vitamini B12 ya bahari kwa diatomu: kwa mnaoanza

Mnaoanza kutumia diatomu (mwani wa seli moja) aitwaye Thalassiosira pseudonana kupima vitamini B12, zingatieni kwanza jambo hili: seli ziwe na njaa ya kweli. Diatomu huyu hawezi kujitengenezea B12. Huipata kwa bakteria na arkea (viumbe vidogo vya seli moja wanaofanana na bakteria), ambao ndio pekee wanaoitengeneza. Ukimpa maji ya bahari yaliyochujwa, ukayaongezea naitreti, fosfeti, silika na madini mengine yote ila vitamini hiyo, atakua kadiri ya B12 atakayoikuta humo. Ukuaji wake ndio kipimo chako.

Kabla hujashika pipeti, piga hesabu. Maji ya f/2, yaani mchanganyiko wa kawaida wa kukuzia mwani, hutiwa takriban pikomoli 370 za B12 kwa lita (pikomoli ni sehemu moja ya trilioni ya moli). Mililita 1 ya maji hayo mapya ikiingia pamoja na seli kwenye mililita 99 za sampuli, umeshaongeza pikomoli 3.7 kwa lita. Bahari ya wazi mara nyingi haifikishi hata pikomoli 1 kwa lita! Hata seli zilizokwisha kula vitamini yote iliyokuwa nje bado zina akiba ndani, na akiba hiyo hupungua kadiri zinavyogawanyika. Basi zihamishe tena na tena kwenye maji yasiyo na B12, mpaka seli za chupa isiyoongezwa B12 zikome kukua. Chupa hiyo ikiendelea kugeuka kahawia, yaani seli bado zinaongezeka, usianze kupima, hata kama msimamizi anakuharakisha.

Hakikisha pia chupa unamokuzia seli hazina bakteria, maana wakiwemo watatengeneza vitamini ileile unayoitafuta. Kwa sababu hiyohiyo sampuli huchujwa kwa chujio la mikromita 0.2. Vyombo vilowekwe kwenye asidi ya hidrokloriki na kusuuzwa vizuri, na myeyusho wa B12 ukae gizani kwa kuwa mwanga huiharibu.

Mstari wa kulinganishia, unaoonyesha kiasi fulani cha B12 huleta ukuaji gani, usiutengeneze kwenye maji ya bahari ya kuundwa maabara. Gawa sampuli yenyewe katika chupa kadhaa, kila moja uitie kiasi cha B12 unachokijua, uache moja bila kuiongezea B12. Maji ya pwani yanaweza kuwa na vitu vinavyodumaza seli, na ukilinganisha na maji mengine utadhani B12 ni kidogo kumbe seli zimedumaa.

Mtaulizwa kwa nini msitumie tu mashine ya kupima kemikali. Mashine ni nzuri, nami naithamini. Lakini sianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea) kama Synechococcus hutengeneza sudokobalamini, inayofanana sana na B12, na mwani mwingi hauwezi kuitumia vizuri. Mashine itakuonyesha kila moja ipo kiasi gani. Diatomu atakuonyesha kilichomfaa yeye, na swali hilo ndilo linalonifanya niipende kazi hii. Majibu ya njia hizo mbili yakipishana, msikimbilie kufuta moja. Angalieni kwanza ni viumbe gani waliokuwa wengi katika maji hayo siku yalipochotwa.